Jina la Mfalme na Jina la Mbiru



Kila mwenye utawala anahitaji vitu viwili: nguvu ya kuwatiisha watu, na neno la kuwaeleza kwa nini watii. Nguvu huonekana upesi, maana ina askari na pingu. Neno halionekani upesi, lakini hukaa siku nyingi zaidi, kwa kuwa hukaa ndani ya moyo wa yule anayetawaliwa. Nataka kunena habari za neno hilo: jinsi wenye hekima wa zamani za Warumi walivyolitengeneza, jinsi wafalme walivyolitwaa, na jinsi mtu mmoja wa Afrika alivyompelekea mfalme neno lake mwenyewe, kama mtu apelekaye hati ya deni kwa aliyeiandika. Kisha nitashuka nanyi mpaka Same, kwa kuwa jambo la namna iyo hiyo lilitendeka pale uwandani, chini ya milima yetu, mwaka 1945.

Alikuwako mwalimu jina lake Plotinus, aliyezaliwa yapata mwaka 205, na watu wa kale wasema kwamba alizaliwa Misri. Alijifunza Iskanderia, kisha mwaka 244 akaenda Rumi, akafundisha huko miaka mingi, akafa mwaka 270. Yeye na waliomfuata walijiona kuwa wanafunzi wa Plato, basi. Wataalamu wa siku za nyuma ndio waliowaita Waplato Wapya. Mafundisho yake ni magumu, hata wasomi huyasoma polepole, lakini mtu wa Upare aweza kuyashika kwa mfano wa maji. Juu mlimani iko chemchemi. Maji yake hushuka yakajaza ndiva. Toka ndiva huingia mfereji mkubwa. Toka mfereji mkubwa hugawanyika kwenda mashambani, hata mgomba wa mwisho kule bondeni ukapata unyevu wake. Mgomba ule haujapata kuiona chemchemi, wala hauishi ila kwa hiyo. Plotinus alifundisha kwamba vitu vyote vimetoka hivyo katika Mmoja aliye juu ya yote: kwanza Akili, kisha Nafsi, kisha ulimwengu huu tuushikao kwa mikono. Ila chemchemi yake haipungui kamwe. Na kwa sababu haipungui, alipenda pia mfano wa jua, litoalo nuru mchana kutwa wala lisifilisike. Kila kilicho chini kina uzima na uzuri kwa kadiri kinavyopokea kutoka juu.

Mkristo atasema kwamba huyu Mmoja wa Plotinus siye Baba yetu wa mbinguni, aliyeumba kwa kupenda kwake na kutuita kwa majina. Ni kweli. Walakini baba zetu wengi katika imani walivisoma vitabu hivyo, na Augustino, mtu wa Afrika ya Kaskazini, ameeleza mwenyewe jinsi vitabu vya Waplato vilivyomsaidia kabla hajabatizwa mwaka 387. Basi tusividharau.

Plotinus alipendwa na Kaisari Gallienus na mkewe Salonina. Mwanafunzi wake Porphyry aeleza kwamba alimwomba Kaisari ampe mji mmoja uliokuwa magofu katika nchi ya Campania, aujenge tena, wenyeji wake waishi kwa sheria za Plato, nao uitwe Platonopolis. Watu wa baraza la Kaisari walilizuia jambo lile, ama kwa wivu, ama kwa chuki, ama kwa sababu nyingine mbaya. Hivyo ndivyo Porphyry asemavyo, naye alimpenda mwalimu wake. Mimi nadhani walimwepusha Plotinus na taabu kubwa. Mtu aliyezoea kutazama juu angeliwezaje kuamua kesi za mipaka ya mashamba?

Wafalme hawakutaka falsafa iwatawale, lakini walipenda iwapambe. Mwaka 274 Kaisari Aurelian alimjengea mungu Jua hekalu kubwa katika Rumi, na Constantine naye, hata baada ya kuwapa Wakristo uhuru, aliendelea miaka kadha kupiga fedha zenye sanamu ya Jua. Mwaka 336, Constantine alipokuwa akisherehekea miaka 30 ya kutawala, askofu Eusebius wa Kaisaria alisimama kumhutubia. Alisema kwamba kama vile mbinguni yuko Mungu mmoja, na Neno wake mmoja anayetawala vyote, vivyo hivyo duniani yuko mfalme mmoja ambaye ni mfano wa utawala ule wa juu. Kisha akaja Kaisari Julian, aliyetawala tangu mwaka 361 hata 363, akaiacha imani ya Kristo. Yeye aliandika sifa za Jua Mfalme kwa akili ile ile ya Waplato, akijiona kuwa mtoto na mtumishi wa Jua hilo. Mmoja Mkristo, mmoja mpinga Kristo, na wote wawili wakitumia ngazi moja! Hata baadaye, yapata mwaka 500, mwandishi mmoja aliyejificha chini ya jina la Dionisio Mwareopago, yule wa kitabu cha Matendo, aliandika juu ya madaraja ya malaika na madaraja ya Kanisa, ya juu yakiyaangazia ya chini, na vitabu vyake vikasomwa sana katika Ulaya. Malaika aliwapanga katika madaraja tisa. Upare nao, chini ya Serikali ya Kiingereza, ulikuwa na wamangi tisa, lakini sijasikia mtu wa Usangi wala wa Mamba akiwafananisha wale na malaika.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Warumi peke yao. Jirani zetu Wachaga humwita Mungu Ruwa, na neno hilo kwao ndilo jua. Marehemu Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyekuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda kwa wazee wa milima yote miwili, Kaskazini na Kusini, akakusanya habari zao, akazitoa katika kitabu mwaka 1969. Humo twasoma kwamba katika Ugweno zamani utawala ulikuwa mkononi mwa Washana, watu wa ukoo wa wafua chuma. Neno lao lilikuwa chuma chenyewe: atoaye jembe na mkuki, nani atamwambia asitawale? Kisha Wasuya wakawapindua. Mkuu wao alikuwa Angovi, na mwanawe Mranga ndiye aliyeutengeneza utawala mpya. Mranga hakuutegemea mkuki peke yake. Aliyashika mafundisho ya vijana katika msitu mtakatifu, yaitwayo mshitu, akayafanya kuwa kazi ya utawala, hata kijana asihesabiwe kuwa mtu mzima mpaka amepita mle. Aliweka mabaraza na wakuu wa chini, na juu yao wote Mangi Mrwe. Hivyo aliyekuwa mnyang'anyi machoni pa Washana, wajukuu walimkuta amekuwa chemchemi.

Upande wa Kusini neno lilikuwa mvua. Mbaga ilisifika kwa waleta mvua wake, na watu wa mbali walikwenda huko na zawadi. Sasa tazameni tofauti iliyopo kati ya chuma na mvua. Mfua chuma hutoa jembe, ukalichukua, mambo yakaisha. Bali yule asemaye kwamba mvua yapita mikononi mwake amejifunga mwenyewe. Mwaka wa neema atasifiwa. Lakini mwaka wa njaa, mahindi yakikauka, watu watakuja mlangoni pake na swali, wala hana pa kujificha, kwa sababu neno ni lake. Jambo hili limo ndani ya kila utawala usemao kwamba umetoka juu, na wale wausifuo hawalitaji.

Aliyelitaja mbele ya mfalme ni Synesius. Alikuwa mtu wa Kirene, mji ule ule wa Simoni aliyebebeshwa msalaba wa Bwana wetu, katika nchi iitwayo leo Libya. Alizaliwa yapata mwaka 370 katika jamaa ya watu wakubwa wenye mashamba. Alikwenda Iskanderia kujifunza falsafa ya Waplato kwa mwanamke mwenye elimu kubwa, Hypatia, akampenda mwalimu wake huyo maisha yake yote. Nchi yake ilikuwa imepigwa na nzige, na matetemeko, na washambulizi wa jangwani, na juu ya hayo kodi. Basi katika miaka ile ya mwisho kabla ya 400 watu wa mji walimtuma kwenda Konstantinopoli, achukue taji la dhahabu la kumpa Kaisari Arcadius, na pamoja na taji achukue ombi la kupunguziwa kodi.

Alikaa huko miaka mitatu. Yeyote aliyepata kungoja karatasi yake ofisini atamwelewa. Katika barua moja ataja mkeka wake mkubwa wa Kimisri, ambao karani mmoja aliutamani alipomwona Synesius ameutandika na kulala juu yake mbele ya nyumba ya hati za Serikali. Mjumbe wa mji mzima, mwanafunzi wa Hypatia, amelala barazani nje ya ofisi! Mwishowe, siku alipokuwa akiondoka kwa haraka kwa sababu ya tetemeko la nchi, alimwachia karani mkeka ule.

Huko ndiko alikotunga hotuba yake juu ya ufalme. Wataalamu wengine wanadhani kwamba aliisoma mbele ya rafiki zake tu, na kwamba Arcadius hakuyasikia maneno makali yaliyomo. Na iwe hivyo. Tunayo hotuba yenyewe. Yeye hakuvunja ngazi ya Eusebius. Alikubali kwamba mfalme ni mfano wa Mungu, na kwamba jina la mfalme ni jina ambalo Mungu naye huitwa. Ndipo akaligeuza. Kama jina ni la Mungu, alisema kwa maana hiyo, basi usilifanye kuwa la uongo. Mungu tunamjua kwa mema atoayo, wala hachoki kutoa, kama jua lisivyochoka kuangaza. Na mfalme asipotoa mema, amebakiwa na nini katika mfano ule? Akamlaumu mfalme anayefichwa ndani ya nyumba, amefunikwa dhahabu na vito, asionekane na askari wake wala na watu wake. Akamwambia pia kwamba mfalme mwema hailemei miji kwa kodi, wala hapendi fedha. Na kodi ilipunguzwa. Synesius akarudi kwake na alichotumwa.

Yanipasa kusema kwamba Synesius hakuwa msemaji wa watu wote. Aliwasemea wenye mashamba wenziwe. Katika hotuba ile ile aliwanenea kwa dharau watu wa mataifa mengine waliokuwa watumwa na askari katika nchi ya Warumi, na wakulima wadogo hawana sauti ndani yake. Ngazi yake ilikuwa na vipandio vingi, na wa vipandio vya chini hawakupewa ruhusa ya kuuliza. Ila mlango uliokwisha kufunguliwa hauchagui tena ni nani apite.

Sasa njooni Same. Wakati wa vita kuu ya pili, Serikali ya wilaya pamoja na wamangi tisa walianzisha kodi mpya, kila mtu akadiriwe mali yake na kutoza kwa kadiri hiyo. Kodi hiyo waliiita mbiru. Jina hilo halikuwa geni, maana mbiru ilikuwa ada ya kale ambayo watu walimtolea mtawala wao. Aliyelichagua jina alikuwa na akili: alitaka kitu kipya kivae nguo za babu, watu wakione wakitambue wainamishe kichwa. Ni kazi ile ile ya kupiga sanamu ya Jua juu ya fedha.

Lakini watu wa Upare waliijua mbiru. Walijua ilivyotolewa, na kwa nani, na huyo naye alipaswa kuwatendea nini. Katika hii mpya waliona wakadiriaji wanaohesabu mali ya mtu nyumbani mwake, na makadirio ambayo hakuna aliyejua yalitoka wapi. Hawakusema kwamba hawalipi kodi kabisa. Walitaka kodi moja iliyo sawa kwa wote, kama walivyozoea. Walipeleka maombi, na maombi hayakusaidia. Basi mwezi wa Januari 1945 wanaume kwa maelfu walitelemka milimani kwa miguu mpaka boma la Same, wakasema kwamba hawaondoki mpaka mbiru iondoke. Wakakaa. Walilala pale chini, mbele ya boma, kama Synesius mbele ya nyumba ya hati, ila hapakuwa na karani wa kuitamani mikeka yao.

Mashamba yalibaki kwa wanawake, nao walipoona siku zinapita wakatelemka wao pia. Walimwambia mkuu wa wilaya achague: ama alimalize shauri na waume zao warudi nyumbani, ama yeye awe mume wao wote. Walilitamka kwa maneno makali kuliko haya, ambayo sitayaandika katika gazeti lisomwalo na watoto. Mimi nasema kwamba katika shauri lote la mbiru hapakutolewa hoja iliyo bora kuliko hiyo. Serikali zile za zamani zilipenda kusema kwamba ni baba wa watu. Vema, walisema wanawake, baba wa nyumba ana kazi zake zote, zifanye. Mwaka 1946 palitokea fujo katika Usangi, hata mawe yakatupwa. Kufika mwaka 1947 mbiru ilikuwa imeondolewa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kipaimara, msichana mwenye akili, aliniuliza kama wazee wale walimkosea Mungu. Wengi wao walikuwa wamebatizwa, nao walikwisha kusikia sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, ambapo Mtume Paulo afundisha kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu na kwamba kodi ilipwe. Nilimjibu kwamba Paulo katika sura iyo hiyo amwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Neno mtumishi ni neno zito. Mtumishi amepewa kazi na bwana wake, na kazi hiyo yaweza kupimwa kama imetendeka. Wazee wetu hawakuwapiga wakuu wao wala kuchoma boma. Waliketi mbele ya mtumishi wakamwuliza habari za kazi yake. Msichana akafikiri, akasema, "Mwalimu, mbona Paulo mwenyewe hakusema tumwulize?" Hakusema. Niliona ni afadhali kumwambia hivyo kuliko kumtia katika kitabu neno lisilokuwamo.

Nilimweleza lakini habari za mwisho za Synesius, nazo nawaeleza ninyi. Yapata mwaka 410 watu wa Ptolemais walimtaka awe askofu wao. Yeye hakutaka. Alisema wazi kwamba hatamwacha mkewe, na kwamba baadhi ya mawazo yake ya kifalsafa hataweza kuyatupa. Hata hivyo Theofilo, askofu mkuu wa Iskanderia, alimweka wakfu. Muda si mwingi akaletwa liwali mpya jina lake Andronicus, mzaliwa wa nchi ile ile. Huyu alikusanya kodi kwa mateso. Alileta vyombo vya kubana vidole na miguu, na vingine vya pua na masikio na midomo. Wenye madeni walipokimbilia kanisani, alipigilia amri mlangoni pa kanisa kuwanyima kimbilio hilo.

Liwali alikuwa ametumwa na Kaisari, na Kaisari alikuwa mfano wa utawala wa mbinguni. Ngazi ilikuwa kamili kutoka juu mpaka chini. Synesius alimtenga na Kanisa. Aliwaandikia maaskofu wenziwe kwamba pasiwe na nyumba ya Mungu itakayomfungulia Andronicus mlango, wala mtu wa kula naye mezani. Aliyekuwa amemwambia Kaisari kwa hotuba ya adabu kwamba asilifanye jina lake kuwa la uongo, sasa alimwambia liwali kwa tendo kwamba jina lake limekwisha kuwa la uongo.

Andronicus alianguka. Walioogopa jana walimgeukia, akatendwa vibaya kama alivyowatenda wengine. Synesius akaandika barua nyingine tena kwa Theofilo, barua fupi, akimwombea huyo Andronicus huruma, maana sasa alikuwa ndiye anayeonewa.